Msumeno Ndani ya Arobaini

Fundi Bayumi alikuwa ameshaweka mkono juu ya Msahafu, na hakimu ameshafungua kalamu yake, ndipo mzee yule akauondoa mkono na kusema haapi.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi, kama zilivyo kesi nyingi za mirathi pale Damietta. Ndugu wawili, Haji Metwalli na mdogo wake Hilal, walimiliki kwa pamoja jengo moja katika kichochoro cha maseremala: karakana chini, nyumba mbili za kuishi juu. Hilal alikufa ghafla kwa ugonjwa wa moyo. Ili nusu yake ihamishwe kwa jina la warithi, mahakama ilitaka mashahidi wawili waape ni nani waliomrithi. Shahidi wa kwanza aliapa upesi upesi akaenda zake sokoni: marehemu ameacha mke mmoja, Ihsan, na kaka mmoja, Haji Metwalli, hakuacha mtoto, maana mtoto aliyekuwa tumboni mwa mkewe alizaliwa mfu baada ya mazishi yake. Shahidi wa pili alikuwa Bayumi, fundi wa kupaka vanishi wa mlango wa jirani, naye akakwama hapo kwa mtoto.

"Sikumsikia mtoto," alimwambia hakimu. "Lakini hata angelia nisingemsikia. Msumeno ulikuwa unanguruma."

Hakimu aliusimamisha uhamisho. Jalada likaenda kwa mwendesha mashtaka, na mwendesha mashtaka akalitupa juu ya meza ya Kapteni Wagih Sorour wa upelelezi. Wagih alikuwa mwana wa seremala, mzaliwa wa vichochoro vilevile, na hakuna aliyewahi kumsingizia huruma. Alisoma maneno ya Bayumi mara moja, akalifunga jalada.

"Msumeno gani huo?" alimuuliza Koplo Zaghlul, askari mtu mzima aliyekuwa akimenya chungwa dirishani. "Arobaini ya Hilal si ilikuwa haijapita?"

"Ndiyo hapo, afande. Kichochoro kizima kilinuna. Karakana iliyofiwa haiwashi mashine mpaka arobaini ipite, hata walevi wa bandarini wanalijua hilo. Haji Metwalli, mtu wa safu ya kwanza msikitini, akawasha. Watu wakasema basi, uchungu umemchanganya."

"Siku ile ile mkewe Hilal alipojifungua."

"Siku ile ile. Lakini afande, mtoto mfu ana kesi gani?"

"Mfu hana kesi. Aliyelia anayo. Wa kiume akilia hata mara moja, amemrithi baba yake, na ami hapati hata msumari. Asipolia, ni kama hakuwahi kuwapo, na ami anabeba robo tatu ya ile nusu."

Zaghlul alitafuna chungwa lake taratibu. "Na akilia, kisha akafa?"

"Hapo ndipo mtu huuliza amekufaje," Wagih alisema, akachukua kofia yake.

Walimkuta Haji Metwalli mlangoni pa karakana, ameketi kwenye kiti kilichochongwa vizuri, tasbihi mkononi. Alikuwa mzee safi, paji la uso lina alama ya sijda, sauti ya chini ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Nyuma yake mafundi walikuwa wakipiga msasa miguu ya makochi. Chini ya ngazi, katika kistoo cha mabaki ya mbao, palikuwa na kitanda cha chuma, jiko la mafuta ya taa, na mwanamke aliyevaa nyeusi.

"Shemeji yako amehamia chini?" Wagih aliuliza.

"Kwa hiari yake. Ngazi zinamchosha."

"Hazinichoshi," alisema Ihsan kutoka ndani. "Umebadilisha kufuli."

Haji alitabasamu kwa upole. "Unaona, afande. Msiba umempanda kichwani. Juu nitapaka rangi, na harufu ya rangi si nzuri kwa mjane."

"Siku aliyojifungua uliwasha mashine."

"Niliwasha. Mungu anisamehe, na majirani wanisamehe. Nilikata ubao wa kumbebea yule kiumbe."

"Maiti ya kichanga hubebwa mikononi, Haji."

"Nilitaka aende kwa heshima. Alikuwa damu ya ndugu yangu."

"Ubao uko wapi?"

"Niliuacha makaburini."

Wagih aliuendea ule msumeno wa mashine uliokuwa katikati ya karakana, akaupigapiga begani kama mtu anayenunua punda. Kisha akaita kwa sauti kuelekea mlango wa jirani, na Fundi Bayumi akatokea huku vidole vimeiva rangi ya vanishi.

"Bayumi. Msumeno siku ile ulikula mbao, au ulizunguka bure?"

Bayumi alimtazama Haji, akatazama chini. "Ulizunguka bure, afande. Mbao ikiingia sauti hubadilika. Haikubadilika hata kidogo. Ulizunguka, ukazimwa."

"Bayumi ananusa vanishi tangu utotoni," alisema Haji, sauti haijapanda. "Siku hizi anasikia kwa pua."

Mafundi wawili walicheka, wakaacha walipoona Wagih hacheki. Akainama akaingia kistooni.

Ihsan alikuwa hajafika miaka thelathini. Kifua chake alikuwa amekifunga kwa kitambaa, kama wafanyavyo wanawake wanaokausha maziwa, na kitambaa kilikuwa kimelowa vilevile. Hakusimama kumpokea afisa.

"Nani alikuzalisha?"

"Bi Dawlat. Damu zilinitoka nyingi, nikazimia. Nilipozinduka walikuwa wameshamchukua. Bi Dawlat akaniambia alinifia tumboni tangu usiku, wala nisijilaumu."

"Hukumwona?"

"Sikumwona."

"Na shemeji yako, kabla ya hapo, alikuwaje kwako?"

Mwanamke alifikiri. "Mzuri. Kuliko ndugu zangu wa tumbo moja. Kuku kila Ijumaa. Alininunulia hata herini za dhahabu za mtoto, akasema ameota atakuwa wa kike. Hasira zilianza baadaye."

Wagih alitikisa kichwa kana kwamba ameambiwa bei ya nyanya. "Unaitaka nyumba yako ya juu?"

"Naitaka. Hilal aliichonga milango yake kwa mkono wake. Nataka kufia humo, si hapa na panya." Akavuta pumzi. "Lakini kama unataka kumchimbua mwanangu ili unipe nyumba, niache na panya wangu. Yule hakuijua dunia, wala dunia haikumgusa. Hakuumia. Nikilala usiku nalala juu ya neno hilo, afande. Sina godoro jingine."

Wagih alivaa kofia yake. Alitoka, akapita mbele ya Haji bila kuaga.

Garini Zaghlul alikuwa ameguswa. "Herini za dhahabu! Kumbe Haji ana moyo."

"Ana hesabu. Wa kike angerithi fungu lake na kumwachia ami fungu. Wa kiume angemfagia nje yote. Miezi yote ile alikuwa akimlisha msichana."

Zaghlul aliacha mdomo wazi kidogo, kisha akasema, "Ukistaajabu ya Musa."

"Utaona ya Firauni. Kata kushoto, kwa mkunga."

Bi Dawlat alikuwa uani, bata kati ya magoti, anamnyonyoa. Alikuwa mkunga wa kienyeji asiye na leseni, na nusu ya mtaa ilikuwa imepitia mikononi mwake, Zaghlul mwenyewe akiwemo. Alimkaribisha Zaghlul kwa jina la utotoni, na askari akajifanya hakusikia.

"Mtoto wa Ihsan," Wagih alisema, bado amesimama.

"Mungu ampe mama yake subira. Alizaliwa bluu, afande. Hakupumua. Niliwaeleza ofisi ya afya, wakaandika."

"Wa kiume?"

"Wa kiume."

"Haji alikuuliza ni wa kike au wa kiume?"

Manyoya yaliendelea kuanguka. "Kila mtu huuliza."

"Hata kwa mtoto mfu?"

Wagih alivuta kigoda, akakaa karibu naye mno, magoti yao karibu yagusane.

"Nikupe habari, Bi Dawlat. Nina shahidi aliyekataa kuapa, nina mashine iliyozunguka bure, na nina mkunga asiye na leseni. Katika hawa, wa kutiwa pingu kirahisi ni mmoja tu. Kesho asubuhi mtaa utaamka kusikia umeua mtoto wa marehemu."

"Mimi sikumuua."

"Nani kasema ameuawa? Umesema alizaliwa mfu. Mfu hauawi."

Mikono ya mkunga ilisimama. Bata alining'inia, shingo imelegea, nusu ana manyoya, nusu hana. Bi Dawlat alianza kulia bila sauti, na Wagih akamwacha alie mpaka akachoka, maana alijua maneno ya kweli hufuata kamasi.

"Alilia," alisema hatimaye. "Kilio cha kutoboa paa. Nikafurahi, nikasema Hilal amerudi. Mama mtu alikuwa anaelea, hajui yuko wapi, damu inatoka. Nikamviringisha mtoto, nikafungua mlango, nikampa Haji amwadhinie sikioni, maana baba hayupo na ami ndiye baba. Nikarudi kwa mama kuzuia damu. Nikasikia mashine chini. Nikashangaa, nikasema mashine gani leo? Lakini mikono yangu ilikuwa na kazi."

"Kisha?"

"Kisha akapanda. Akanipa mtoto kimya kimya. Akaniambia, Dawlat, umemuua. Kitovu hukukifunga vizuri, damu yote imemwisha mikononi mwangu. Nikimwambia mtu utafia jela, na mimi sipendi ufie jela, umewazalisha watu wetu. Sema alizaliwa mfu, nami nitamzika."

"Ukasema."

"Nikasema. Na tangu siku ile sijashika mzazi. Naiogopa mikono yangu."

"Kitambaa ulichomviringishia kilikuwa rangi gani?"

"Cheupe. Pamba mpya."

"Kiliporudi?"

Bi Dawlat alimtazama bila kuelewa. "Cheupe."

"Anayekufa kwa kitovu hufa amelowa, Bi Dawlat. Wewe ndiye wa kunifundisha mimi hilo."

Alichukua muda mrefu kulipokea jambo lile. Alipolipokea aliitazama mikono yake iliyojaa manyoya, akaigeuza, akaigeuza tena. Mwanamke mzee alikuwa amejihukumu mwenyewe wiki baada ya wiki kwa kosa ambalo hakulifanya, na mtu mwenye utu kidogo tu angemwonea huruma. Wagih alisimama, akapangusa manyoya kwenye suruali.

"Mikono yako haina kosa, ulimi ndio unalo," alisema. "Huo ulimi utauleta kituoni."

Nje, Zaghlul aliwasha injini, hakuondoka. "Tumempata, afande."

"Hatujampata. Mwanasheria wake atamuuliza bibi huyu swali moja: ulidanganya wakati ule au unadanganya sasa? Ataanguka hapo hapo. Haji atasema hakusikia kilio, na hakuna mtu mwingine aliyesikia. Twende makaburini."

"Kufukua?"

"Kuulizia ubao."

Mlinzi wa makaburi, Rizq, aliishi papo hapo kwa wafu, katika chumba chenye kuku na redio. Makaburi ya kule ni vyumba vya kujengwa, kila ukoo na mlango wake na funguo zake, na funguo zote zilining'inia kiunoni mwa Rizq. Hakuwa mtu wa maneno. Wagih alimuuliza kuhusu ubao aliouacha Haji Metwalli.

"Hakuacha ubao."

"Alimbeba mtoto vipi?"

"Mikononi. Amemviringisha kwa kilemba chake mwenyewe. Akaniomba maji ya vuguvugu, nikampashia. Akamwosha pale kizingitini. Nilitaka kumsaidia, akakataa."

"Kisha ukafungua."

"Kwanza alisali. Halafu nikafungua."

Wagih alikuwa akiwasha sigara. Aliuacha moto wa kiberiti ukafika kidoleni. "Alisali nini?"

"Swala ya maiti, afande, nini tena. Nami nikasimama nyuma yake. Si vizuri kumwacha mtu asali peke yake mbele ya maiti."

"Huenda alikuwa anaomba dua tu."

"Dua haina takbira. Zilikuwa takbira nne, na salamu. Nilizitoa pamoja naye."

"Watoto wanaozaliwa wafu unawazika wapi, Rizq?"

Rizq alinyoosha kidole kuelekea ukuta wa nyuma, kwenye kifusi na nyasi. "Pale. Hawa hawaswaliwi. Mtu huja na kitambaa, nachimba, anaondoka."

"Na huyu hakumpeleka pale."

"Alisema awekwe kwa Hilal. Nilimlaza kifuani pa baba yake."

"Hukumuuliza kwa nini?"

"Ni haji, afande. Mimi ni wa kufungua mlango na kufunga mlango."

Walipokuwa wakirudi garini Zaghlul alinong'ona, kana kwamba wafu wangeudhika, "Kumswalia mtoto nako ni kosa?"

"Kuna watu wataiba hata meno ya mama yao, lakini hawatathubutu kumlaza Mwislamu bila swala," Wagih alisema. "Nenda kamlete Haji. Kwa adabu. Mwambie nina suala la kumuuliza la dini."

Haji Metwalli alifika kituoni amevaa joho lake zuri la sufu. Wagih alimwagizia chai, akamwekea sukari kwa mkono wake mwenyewe, akaketi mbele yake kama mwanafunzi.

"Hakimu ananisumbua, Haji. Anataka nieleze mambo ya mtoto aliyezaliwa mfu, nami dini yangu ni ya kuokoteza. Nifundishe. Anapewa jina?"

"Hapewi lazima."

"Anarithi?"

"Asiyelia harithi wala harithiwi. Mlango huo umefungwa."

"Na swala ya maiti?"

"Asiyelia haswaliwi." Haji alionja chai, akaridhika nayo. "Huviringishwa kitambaa, akazikwa. Swala ni ya aliyeishi, hata akiishi pumzi moja. Nimewafundisha watu hayo msikitini tangu wewe huna ndevu."

"Wanazuoni hawahitilafiani katika hilo?"

"Kwa mtu aliyesoma, hakuna."

"Basi nimeelewa." Wagih akageukia mlango. "Rizq!"

Mlango ulifunguliwa. Rizq, aliyekuwa akingojeshwa nje, aliingia akasimama karibu na ukuta, funguo zikilia kiunoni.

"Takbira ngapi, Rizq?"

"Nne, afande."

"Nyuma ya nani?"

"Nyuma ya Haji."

Haji Metwalli aliishusha gilasi mezani bila kumwaga tone. Kwa muda alitazama zile funguo tu. Zaghlul, aliyekuwa akiandika, alinyanyua kalamu akangoja. Yeyote aliyedhani mzee yule atalia au atapiga magoti alikuwa hamjui.

"Ulitaka nimtupe kwenye kifusi kama paka?" alisema. "Alikuwa damu ya ndugu yangu."

"Aliyelia."

"Aliyelia."

"Endelea," alisema Wagih.

"Nilimwadhinia kwanza. Usije ukaandika kwamba sikumwadhinia. Adhana sikio la kulia, ikama sikio la kushoto. Alinyamaza kunisikiliza, macho wazi. Nilipomaliza akaanza tena. Kichochoro kina masikio, nikawasha mashine. Haikuchukua muda."

"Kwa nini?"

"Kwa nini!" Kwa mara ya kwanza sauti ya Haji ilipanda. "Jengo lile ni la baba yangu. Mimi na Hilal tulikuwa nusu kwa nusu, sawa, tulinyonya titi moja. Lakini mtoto mchanga akirithi, mali yake inakwenda chini ya mahakama ya mayatima. Kila nikitaka kupigilia msumari, niende kwa karani wa mayatima. Nikitaka kuuza mashine, karani. Nikitaka kubomoa ukuta, karani, na mama mtu akiketi pembeni anatikisa miguu. Mpaka mtoto awe mtu mzima, na mimi niko kaburini. Angekuwa wa kike ningevumilia. Nilimwomba Mungu awe wa kike. Nilinunua herini."

"Mwenye kuua harithi, Haji. Hilo nalo ulifundisha msikitini?"

"Nilifundisha."

"Basi nusu ya Hilal yote inakwenda kwa Ihsan. Fungu lake la mke, na lililobaki kwa mwanawe. Mrithi mwingine hayupo. Umemfukuza ngazini ili umpe nyumba."

Haji aliifikiria ile hesabu kama fundi anayepima mbao aliyokwisha kuikata vibaya. Kisha akatabasamu lile tabasamu lake la upole.

"Lete karatasi nitie sahihi," alisema. "Lakini wa kumwambia yule mwanamke ni wewe, si mimi. Nilimchukulia kila kitu, ila nilimwachia kimoja, kwamba hakulia. Nenda kamnyang'anye hicho. Tuone nani mkatili."

Wagih alimsogezea karatasi.

Alikwenda mwenyewe, na Zaghlul nyuma yake akiwa na ufunguo wa kufuli jipya. Karakana ilikuwa imefungwa; habari zilikwisha kutangulia kichochoroni, lakini hakuna mtu aliyethubutu kuingia nazo kistooni. Bayumi alikuwa mlangoni kwake, mikono nyuma. Ihsan alikuwa anaosha sufuria.

Wagih alimweleza kama alivyoeleza majalada yote, bila kupunguza na bila kuongeza. Haji amekiri. Atahukumiwa. Mahakama itatoa hati mpya ya warithi, na ofisi ya ardhi itahamisha nusu ya Hilal kwa jina lake yeye peke yake. Ufunguo huu hapa. Zaghlul akauweka ule ufunguo juu ya ubao uliokuwa meza ya mwanamke yule.

Ihsan hakuugusa. "Ana kosa gani la kuhukumiwa?"

"La mtoto."

"Mtoto alifia tumboni."

"Hapana."

Sufuria ilikuwa bado mkononi mwake, maji yanachuruzika sakafuni. "Alilia?"

"Alilia."

"Nilikuomba usinichimbulie."

"Sheria haikuombi ruhusa, bibie."

"Sikusema sheria. Nilikuomba wewe."

Zaghlul alikohoa, akatazama nje. Ihsan aliweka sufuria chini taratibu, akakaa kitandani, mikono juu ya kile kitambaa cha kifuani. Panya walikuwa wakikwaruza kwenye mbao. Wagih alikuwa amewahi kuwapa watu habari za kifo mara nyingi, na alijua kinachofuata: kuna wanaopiga kelele, kuna wanaolaani. Alikuwa tayari kwa yote mawili.

"Sauti yake ilikuwaje?" Ihsan aliuliza.

"Nini?"

"Sauti yake. Hilal alikuwa na sauti nene, ya kukwaruza. Mtoto alilia vipi?"

Wagih alimtazama Zaghlul, Zaghlul akatazama daftari lake kana kwamba lingeweza kumsaidia. "Bi Dawlat anasema alilia kama watoto wote," alisema Wagih.

"Bi Dawlat amepokea watoto wa mji mzima. Kwake wote ni sauti moja. Nani mwingine alimsikia?"

Aliyebaki alikuwa mmoja tu, na wote watatu walimjua. Ihsan aliinuka, akajitanda shela yake, akatoka. Ufunguo aliuacha pale pale ubaoni, na Zaghlul hakujua auchukue au auache.

Wagih angeweza kumzuia. Taratibu hazimruhusu mlalamikaji kumwona mshtakiwa kabla ya mwendesha mashtaka, na yeye alikuwa mtu wa taratibu. Alimfungulia mlango wa gari.

Haji Metwalli alikuwa peke yake mahabusu, ametandika joho lake sakafuni. Aliposikia hatua aligeuka. Alimwona shemeji yake nyuma ya nondo, hakushtuka.

"Shemeji," Ihsan alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. "Sikuja kwa ajili ya nyumba. Wala sikuja kukulaani, hiyo nitafanya baadaye. Niambie tu. Mwanangu alikuwa na sauti nene kama baba yake, au nyembamba?"

Haji aliinamisha kichwa kama anayesikiliza. Alionekana kuitafuta ile sauti ndani ya kichwa chake, na alionekana kuipata.

"Nikikupa na hicho," alisema, "mimi nitabaki na nini?"

Akaelekea kibla, akainua mikono, akapiga takbira. Mtu aliye ndani ya swala hasemeshwi, na Ihsan alilelewa vizuri. Alikaa sakafuni kwenye ukumbi wa kituo, mgongo ukutani, akamngoja atoe salamu. Haji Metwalli alisali polepole, kwa sura ndefu, akirukuu na kusujudu kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Alitoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto. Ihsan akasogea kwenye nondo.

Haji akainuka, akainua mikono, akaanza swala nyingine.